Mstari Mweupe wa Shimo la Nane

Baada ya kuitumikia Klabu ya Gofu ya Mikalitusi kwa miaka thelathini na mmoja, Bw. Maurice Khamala, Msimamizi wa Mistari, Kamba na Watazamaji, anastaafu rasmi siku ya Ijumaa, tarehe 30 Aprili 1999. Wasomaji wa jarida hili wanaombwa wasicheke. Tunajua tulitangaza hivyo hivyo mwaka wa 1997, tukala keki, na Jumatatu iliyofuata Mzee akaripoti kazini kabla ya askari wa lango. Tunajua pia tulirudia mwaka jana, keki ikiwa ndogo kidogo. Safari hii ni kweli, na atakayevumilia kusoma hadi mwisho ataona kwa nini.

Bw. Khamala aliwasili Nairobi kutoka Bungoma mwaka wa 1968 na kuajiriwa hapa kufyeka nyasi kwa slasha. Akapanda hadi kusukuma mashine, kisha kuendesha trekta, na hatimaye akapewa kopo la chokaa, brashi na kofia pana ambayo hakuivua mbele ya watu hadi mwezi uliopita. Si mtu mnyenyekevu, wala hajawahi kusema ni mnyenyekevu. Akipita jikoni kuchukua chai husimama mlangoni mpaka mtu aulize habari za nyasi, na asipoulizwa hukohoa.

Gofu yenyewe hakuwahi kuipenda. Kwa maoni yake, Mungu aliumba nyasi, kisha adui akaleta mpira. Alipiga mara moja tu, kwenye sherehe ya Krismasi, Kapteni alipomkabidhi fimbo mbele ya wageni wote. Mpira ulirudi nyuma ukavunja dirisha la chumba cha kubadilishia nguo. Bw. Khamala aliutazama kwa heshima, akatangaza kwamba hakuna adhabu, kwa kuwa yeye hakuwa mchezaji bali mtazamaji aliyeshika fimbo. Hakuna aliyeweza kumpinga, maana kifungu chenyewe cha sheria hakuna aliyekuwa amewahi kukiona.

Ili kazi yake ieleweke, inafaa tueleze njia. Kusini mwa kiwanja chetu kuna Kibera. Kaskazini kuna Ngong Road, na ukivuka hapo unaelekea Kawangware. Katikati kuna shimo la nane, yaani uwanja mzima wa nyasi unaoelekea kwenye shimo lenyewe. Tangu zamani kuna pengo kwenye ua, upande wa Kianda, mtaa mmoja wa Kibera, na kutoka pengo hilo njia ya miguu inakata shimo la nane moja kwa moja hadi ng'ambo. Hiyo ndiyo njia ya makedi wetu wanaobeba mifuko ya fimbo, ya wapishi, ya mafundi, ya wanafunzi na ya Bi. Nasike, mke wa Bw. Khamala, ambaye kila asubuhi hutoka nyumbani kwao Sarang'ombe, huko huko Kibera, na karai la nyanya kichwani kwenda kuuza Kawangware. Kuzunguka kwa barabara ni safari ya kumfikisha mtu sokoni nyanya zikiwa zimeanza kujipika zenyewe.

Sasa, sheria za gofu zina huruma ya ajabu. Wakati wa mashindano, Kamati ikiona mahali pamekanyagwa na watazamaji, inaweza kupazungushia mstari mweupe na kupatangaza kuwa eneo la matengenezo. Mpira ukiangukia humo, mchezaji anauokota na kuudondosha nje ya mstari bila adhabu. Lakini Kamati yetu iliweka sharti: lazima pawe pamekanyagwa na watazamaji. Palipokanyagwa na wapita njia, mchezaji atajijua mwenyewe. Ndipo swali likazuka, na likamfaa Bw. Khamala sana: mguu wa mtazamaji unatofautianaje na mguu wa mpita njia?

Jibu lake linajulikana na kila mfanyakazi. Aliyepita akiangalia mbele ni mpita njia. Aliyegeuza shingo, hata kidogo, hata kama alikuwa akifukuza nzi, ni mtazamaji. Mzee alikuwa akichuchumaa kwenye matope na kusoma nyayo kama daktari anayeangalia ulimi. Kisigino kikiwa kimezama, aliamua kwamba huyo alisimama, na kama alisimama, alitazama, kwa nini asimame bure? Kwa hesabu hiyo Kibera nzima ilikuwa na mashabiki wa gofu wasiojijua.

Mwaka wa 1995 tukaletewa mashindano makubwa yenye wafadhili, na hapo mambo yakaanza kuharibika. Meneja wetu, Bw. Mulei, si mtu mbaya. Anapenda tu vitu vinyooke, na njia ya shimo la nane haikunyooka. Alimwita Bw. Khamala ofisini akamwambia mbele ya watu, "Mzee, chagua. Ama nyasi ya nane iote kabla ya mashindano, ama mashindano yakiisha najenga ukuta wa mawe kutoka kona hadi kona." Bw. Khamala alikuja jikoni baadaye, akakataa chai, na hakukohoa. Ukuta ungemfungia mkewe, ungewafungia majirani zake, ungemfungia yeye mwenyewe. Mwandishi wa wasifu huu, ambaye ni mpishi na anaishi Kianda, naye alikosa usingizi.

Mzee akafanya alichojua. Alfajiri moja alichora mstari mweupe mpana kuzunguka eneo lote lililokanyagwa, akapigilia vigingi kwenye kona na kuvifungia kamba, ili watu wapite pembeni nyasi ipumzike. Ulikuwa mstari ulionyooka kuliko yote aliyowahi kuchora. Hapo ndipo alipokosea.

Jiweke, msomaji, mahali pa mkaaji wa Sarang'ombe mwaka ule. Unaamka, unatazama ng'ambo ya ua, unaona mzee mwenye kofia akichora mistari myeupe juu ya nyasi na kupigilia vigingi. Jambo hilo lina maana moja tu Nairobi. Kabla chai haijachemka, vijana walikuwa wakikimbia vichochoroni wakipiga kelele, "Wasee, ploti zinagawanywa golf! Amkeni, manze, zinaisha!"

Walikuja. Walikuja akina mama na vigoda, mafundi na futi zao, mchungaji na kwaya nusu. Mama mmoja wa Makina, mtaa mwingine wa Kibera, alifika na kofia aliyokuwa akishona, akaketi kwenye kona aliyoipenda na kuendelea kushona. Kijana mmoja aitwaye Okeyo alileta mabati na nguzo, na kufikia saa sita alikuwa ameshasimamisha kibanda na anauza chai. Kila mtu alimsalimia Mzee kwa upole usio wa kawaida, kama anavyosalimiwa bosi. "Sasa, mdosi? Mimi usinisahau, niwekee tu hapo kwa kona." Bw. Khamala aliwaeleza kwamba hizi si ploti, ni matengenezo. Wakacheka na kumkonyeza, maana ofisa wa ardhi anayekana kwamba anagawa ardhi ndiye wa kweli kabisa.

Mtu mwingine angewafukuza. Bw. Khamala alitazama umati ule, akaona kwamba umesimama, umegeuza shingo, na visigino vimezama. Kwa hiyo walikuwa watazamaji. Na kwa kuwa walikuwa wamekanyaga sehemu mpya, kanuni ilimtaka aongeze mstari. Akauongeza. Jioni ile ile habari zikafika Kawangware kwamba fezi ya pili ya ploti imefunguliwa.

Tusiwacheke majirani zetu peke yao. Wakili Gichuru, mwanachama wa siku nyingi, alisimamisha gari karibu na Mzee, akateremsha kioo kidogo na kusema kwa sauti ya chini, "Khamala, na mimi si uniangalizie kitu kidogo? Karibu na maji hivi." Wanachama wengine wawili walituma madereva.

Kamati ilikutana kwa dharura. Ilikiogopa kibanda cha Okeyo kuliko kitu chochote, kwa sababu kibanda kimoja Nairobi huzaa. Ikapitisha azimio hili, ambalo mwandishi analikumbuka kwa sababu alikuwa akiwapelekea mandazi: kwamba hakutakuwa na ujenzi wa aina yoyote, wa mtu yeyote, ndani ya eneo la matengenezo, hadi Msimamizi wa Mistari atangaze kwamba matengenezo yamekamilika. Okeyo alielezwa. Akabeba kibanda chake akakisimamisha hatua moja nje ya mstari, na wachezaji wanakunywa chai hapo mpaka leo.

Siku ya mashindano wafadhili hawakuamini macho yao. Hawakuwahi kuona watazamaji wengi hivyo kwenye gofu. Kila familia ilikuwa imeketi kwenye ploti yake kuilinda, na mpira ulipotua walipaza sauti, "Toa hiyo kitu kwa ploti yangu!" Ulipotoka walishangilia kwa vigelegele. Bw. Mutunga, mjumbe wa Kamati ambaye mipira yake imekuwa ikienda kulia tangu azaliwe, alipiga mmoja ukatua kwenye mapaja ya yule mama wa Makina. Mama akamrudishia bila kuinua macho kwenye sindano yake. Bw. Mutunga akaudondosha nje ya mstari, mahali ambapo siku nyingine nyasi hufika magotini lakini siku ile zilikuwa zimelazwa na miguu ya watu, laini kama zulia. Akamaliza wa pili. Tangu siku hiyo hakuna mjumbe wa Kamati anayewatetea watu wa Kibera kwa moyo kama yeye.

Jumatatu yake lori la mawe likaja, na Bw. Mulei mbele yake. Walimkuta Bw. Khamala amesimama kwenye mstari wake, kofia kichwani, brashi mkononi, chokaa bado mbichi. Akawakariria azimio la Kamati lote, polepole, kwa sauti anayoitumia akisali mazishini. Bw. Mulei akasema, "Lakini Mzee, hiyo ilikuwa ya kibanda!" Mzee akajibu, "Na ukuta ni nini, bwana meneja? Ni kibanda kisicho na paa." Mafundi wakaangalia mstari, wakaangaliana, wakashusha mawe kando na kwenda kunywa chai kwa Okeyo. Mawe hayo yapo mpaka leo. Makedi huyakalia.

Watu wa ploti walitawanyika taratibu, wengine wakiamini kwamba majina yao yapo mahali fulani. Njia ikabaki. Na kuanzia hapo, katika kila mkutano, Bw. Mulei amekuwa akiuliza matengenezo ya nane yamefika wapi, na Bw. Khamala amekuwa akisimama na kujibu, "Yanaendelea vizuri, bwana." Kila Jumamosi anauchora mstari upya, maana mvua na miguu huufuta, na siku mstari usipokuwepo, hakuna eneo la matengenezo, na lori litarudi. Wakati wa mvua za El Niño, barabara ilipozama, Bw. Mulei mwenyewe alipita njia hiyo akiwa amekunja suruali na kushika viatu mkononi. Mzee alizisoma nyayo zake baadaye na kuthibitisha kwamba alitazama.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawakuliona, na mwandishi anaomba ruhusa ya kulisema bila mzaha. Mzee Khamala anaumwa na nyasi iliyokufa kama mtu anavyoumwa na jino. Eneo lile lingepona kwa msimu mmoja kama angetaka. Kila mvua amepanda kipande hapa na pale, ili asiseme uongo kwenye mkutano, na kila jioni amekikuta kimelala chini. Siku moja mwandishi alimkuta amechuchumaa peke yake akikipapasa kwa kiganja. Akasema, "Marion, nyasi ikifa nitapanda nyingine. Watu wakifungiwa, mimi nitapanda nini?" Kisha akakumbuka cheo chake, akakohoa, akauliza kwa nini chai imechelewa.

Kustaafu kwake kulikwama hapo hapo. Kanuni za klabu zinasema msimamizi hawezi kuondoka akiacha kazi haijaisha, isipokuwa ateue wa kumrithi. Akitangaza kwamba kazi imeisha, ukuta unapanda. Akiteua, sawa, lakini ateue nani? Mwaka wa 1997 alimjaribu Ken wa trekta, ambaye mstari wake ulielekea mtoni na haukurudi. Mwaka uliopita alimjaribu Chris wa kamba, kijana mzuri, lakini mkono wake ulizoea kuchora viwanja vya mpira wa miguu, na asubuhi wachezaji walikuta shimo la nane lina eneo la penalti. Mzee alitikisa kichwa, akala kipande chake cha keki, akarudi kazini. Ukweli usemwe: hakuona mtu yeyote Nairobi anayeweza kuchora mstari kama wake.

Aliyeumia ni Bi. Nasike. Magoti yake yamechoka na karai. Nyumba yao Bungoma imeezekwa mabati, ina veranda, na kwa miaka miwili imekuwa ikilaliwa na mbuzi wa shemeji. Njia ambayo Mzee aliilinda kwa ajili ya mkewe ndiyo iliyokuwa sasa ikimzuia mkewe kwenda nyumbani. Alivumilia. Mwezi uliopita akaacha kuvumilia.

Alikuja Jumamosi asubuhi na godoro lililokunjwa, stovu, sufuria na gunia la nguo, akaviweka chini katikati ya shimo la nane, ndani ya mstari uliofifia, akaketi juu ya godoro. Mumewe alipofika mbio akamwambia, na sote tulisikia, "Maurice, mimi nimetazama vya kutosha. Mwaka huu naenda nyumbani. Na wewe ama bila wewe." Wachezaji wanne walikuwa wakingoja kupiga. Wakauliza kama mama mwenye godoro ni kizuizi kinachohamishika. Bw. Khamala aliangalia godoro, kisha visigino vya mkewe, akaamua kwamba hahamishiki, na kwamba ni mtazamaji. Wakapiga wakimzunguka, wakimwamkia mmoja mmoja.

Mwandishi alimpelekea Bi. Nasike chai na mandazi. Alipogeuka kurudi akaona kwamba mstari haujachorwa, ni saa nne, Mzee amekaa kwenye ukingo wa godoro ameshika mkono wa mkewe, na Bw. Mulei anateremka kutoka ofisini. Kopo la chokaa lilikuwa tupu. Mwandishi alirudi jikoni, akachukua unga wa chapati na chekecheke, akainama na kuanza. Hakufikiria kuhusu kunyooka. Alifikiria kuhusu Kianda. Alizunguka eneo lote, akarudi pale alipoanzia, na Bw. Mulei akasimama ghafla, ncha za viatu vyake zikigusa unga.

Bw. Khamala aliinuka, akautembea mstari ule wote taratibu, mikono nyuma. Ulikuwa umepinda mara tatu. Upande wa kulia ulikuwa mnene, upande wa kushoto mwembamba, na kuku wa Kianda walikuwa wameshaanza kuudonoa. Akavua kofia mbele ya watu wote, akajifuta uso, akasema, "Ni mstari." Kisha akampa mwandishi brashi, akaenda kumsaidia mkewe kukunja godoro vizuri zaidi.

Katika mkutano wa wiki iliyopita, Bw. Mulei aliuliza, kama desturi, matengenezo ya nane yamefika wapi. Mwandishi alisimama, mikono bado ina unga, akajibu, "Yanaendelea vizuri, bwana." Bw. Mulei alitazama nje ya dirisha, upande wa mawe yake, kisha akaomba ajenda inayofuata. Wapo wanaosema alitabasamu. Mwandishi hawezi kuthibitisha, hasomi midomo kama Mzee anavyosoma nyayo.

Kwa niaba ya jikoni, makedi, trekta, kamba na kibanda cha Okeyo, tunakushukuru, Mzee Khamala. Tunakushukuru kwa sauti yako, kwa kofia yako, na hata kwa kukohoa. Bi. Nasike, asante kwa kutuazima mume wako miaka miwili zaidi ya haki yetu. Maisha yenu Bungoma yawe mema na marefu, mbuzi watoke ndani ya nyumba bila ubishi, na nyasi ya uani kwenu iote bila kukanyagwa na mtu yeyote.

Tunajua kwamba Jumamosi asubuhi mtapita shimo la nane kwa mara ya mwisho mkielekea kupanda basi. Tuna ombi moja tu. Mkifika katikati, Mzee, usipite ukiangalia mbele. Simama, zamisha kisigino, geuza shingo ututazame. Tunahitaji nyayo zako ndani ya mstari.

Marion, mpishi,
na Kaimu Msimamizi wa Mistari, Kamba na Watazamaji